Kaka yangu anatumikia miaka 62 katika gereza la shirikisho Marekani na figo zimeshindwa: ombi la "kuachiliwa kwa huruma" huamuliwaje?

Mwana wa Kisauni aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Ninaandika kutoka Columbus, Ohio, kwa niaba ya kaka yangu mkubwa, ambaye yumo katika magereza ya shirikisho ya Marekani tangu 2004. Alishiriki katika matukio matatu ya unyang'anyi wa kutumia silaha ndani ya wiki sita. Hakuna risasi iliyofyatuliwa, lakini bunduki ilitolewa na watu wakatishwa, na sitaki kulipunguza jambo hilo kwa sababu tu ni ndugu yangu wa tumbo moja. Wenzake wawili walikiri na kuingia katika mapatano na upande wa mashtaka, nao walikwisha kutoka zamani. Yeye alikataa, kesi yake ikasikilizwa mbele ya jopo la raia, akashindwa, akapewa miaka 62, yaani miaka 5 kwa unyang'anyi wenyewe na miaka 57 kwa bunduki.

Sasa ana umri wa miaka 58. Figo zake zote mbili zimeshindwa, na tangu mwaka jana amehamishiwa katika gereza la matibabu ambako damu yake husafishwa kwa mashine mara tatu kwa wiki. Moyo nao umeanza kudhoofika, na kwa mwendo mrefu hutumia kiti cha magurudumu. Mfungwa mwenzake amemwambia kwamba ipo njia ya kuomba kuachiliwa kwa huruma, na kwamba aanze kwa kumwandikia mkuu wa gereza. Wiki iliyopita mtu ambaye hatumjui alinipigia simu akasema kwamba kwa dola 6,000 atatuandalia ombi "lisilokataliwa". Sikumpa kitu, lakini maneno yake yameninyima usingizi.

Ningependa kujua ni nani hasa anayeamua ombi la namna hii, na kama kinachotazamwa ni ugonjwa peke yake au hata urefu wa kifungo. Aidha, kaka hakuwahi kuwa raia wa Marekani. Alikuwa na kibali cha ukaazi wa kudumu tu, na tunaelewa kwamba akitoka atarudishwa Kenya. Je, hilo litamharibia ombi lake? Mama yetu yuko Mombasa, ana miaka 84, naye ameniambia kwamba ataandika barua kwa mkono wake mwenyewe.

Karani Mstaafu alijibu:

Pole sana, dada yangu. Kwa miaka mingi nilikuwa msaidizi katika ofisi ya mawakili wa utetezi kwenye mahakama za shirikisho. Mimi si wakili, na maelezo yangu yasichukuliwe badala ya wakili. Huyo wa dola 6,000 mwache alipo: hakuna ombi lisilokataliwa, mahakama haitozi ada ya kuwasilisha ombi hili, na mengi kati ya yanayowasilishwa hukataliwa hata yakiandikwa na mawakili hodari.

Nianze na jina, kwa sababu ndilo linalowapoteza watu. Kwa kawaida tunasema "kuachiliwa kwa huruma", lakini sheria yenyewe, kifungu cha 3582 katika Kitabu cha 18 cha sheria za Marekani, inazungumzia kupunguza adhabu pale ambapo kuna sababu zisizo za kawaida na zenye uzito wa kumlazimisha mtu akubali. Anayeamua ni jaji wa mahakama ile ile iliyotoa adhabu, na kama yule wa mwanzo amestaafu au amefariki, faili hupewa mwingine. Mkuu wa gereza hana mamlaka ya kumfungulia mtu mlango. Rais naye ana njia yake ya msamaha, lakini hiyo ni kesi nyingine kabisa na ina ofisi nyingine, kwa hiyo msizichanganye katika karatasi moja.

Inafaa pia kujua njia hii ilikotoka. Kwa makosa yaliyotendwa tangu tarehe 1 Novemba 1987, mfumo wa shirikisho hauna paroli, yaani hakuna bodi ambayo mfungwa wa muda mrefu huenda kuketi mbele yake baada ya miaka kadhaa na kueleza alivyobadilika. Kilichobaki ni siku chache za tabia njema, zisizozidi 54 kwa mwaka, na milango michache kama huu. Nao mlango huu kwa miaka 30 ulikuwa na ufunguo mmoja tu, ulioshikwa na Idara ya Magereza: idara isipopeleka ombi, jaji hakuwa na la kufanya hata kama angetaka. Wakili Lynne Stewart wa New York, aliyekuwa akitumikia miaka 10 na kuugua saratani ya matiti iliyosambaa, aliomba 2013, na jaji John Koeltl akamjibu kwamba hana mamlaka mpaka idara yenyewe iombe. Idara iliomba mwishoni mwa Desemba, akatoka siku ya mwisho ya mwaka huo, akaishi hadi Machi 2017. Yeye alibahatika. Katika mwaka huo huo wa 2013 mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria alichapisha ripoti iliyoonyesha kwamba kati ya 2006 na 2011, wafungwa 208 walikubaliwa na mkuu wa gereza na pia na mkurugenzi wa kanda, na 28 kati yao walikufa wakati karatasi zao zikisubiri uamuzi wa makao makuu.

Hali ilibadilika tarehe 21 Desemba 2018, sheria iitwayo First Step Act ilipotiwa saini. Tangu siku hiyo mfungwa anaweza kwenda mwenyewe mahakamani, mradi kwanza amempelekea ombi mkuu wa gereza na siku 30 zimepita tangu lipokelewe. Katika mwaka wa bajeti wa 2018 walioachiliwa kwa njia hii walikuwa 24 nchi nzima; katika mwaka wa kwanza wa sheria mpya walikuwa 145, na wengi wao walikuwa wameomba wenyewe. Kisha ikaja korona, maombi yakamiminika kwa maelfu.

Sasa niingie katika namna jaji anavyofikiri. Jaji hujiuliza maswali matatu, na familia nyingi huandika kurasa kumi kujibu la kwanza peke yake.

La kwanza ni kama sababu iliyotolewa inatosha. Tume ya Adhabu ya Marekani ilitoa mwongozo mpya ulioanza kutumika tarehe 1 Novemba 2023. Mwongozo huo unataja ugonjwa usiopona, hali ya kiafya inayomfanya mtu ashindwe kujihudumia ndani ya gereza, uzee kwa mwenye miaka 65 au zaidi ambaye afya yake imezorota na ametumikia angalau miaka 10 au robo tatu ya kifungo, kwa kutazama iliyo pungufu, matatizo ya familia kama kukosekana kwa mtu wa kumlea mtoto mdogo au kumtunza mzazi asiyejiweza, na mfungwa kudhulumiwa kingono au kupigwa na wale waliokabidhiwa ulinzi wake. Kwa kaka yako mnaanzia mahali pazuri, kwa kuwa mwongozo unataja waziwazi kiungo kilichofikia hatua ya mwisho ya kushindwa kufanya kazi, wala haudai daktari aseme mgonjwa amebakiwa na miezi mingapi.

La pili ni kama mtu huyo bado ni hatari kwa wengine.

La tatu ndilo linalozamisha majahazi mengi. Hata ugonjwa ukikubaliwa, jaji lazima apime tena mambo yale yale aliyoyapima siku ya hukumu, yaani uzito wa kosa, heshima kwa sheria, usalama wa watu, historia ya mtu na usawa kati ya waliotenda makosa yanayofanana. Tazameni mfano wa Bernard Madoff, mlaghai mkubwa wa fedha wa New York, kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa huo huo wa figo. Alihukumiwa miaka 150 mnamo 2009, akaomba kuachiliwa mwanzoni mwa 2020 akisema figo zimefika hatua ya mwisho. Mabishano hayakuwa juu ya kuumwa kwake. Mamia ya watu aliowadhulumu waliiandikia mahakama, wengi wao wakipinga, na jaji Denny Chin akakataa kwa sababu ya ukubwa wa kosa. Madoff alifia katika gereza la matibabu la Butner, North Carolina, Aprili 2021. Miezi sita kabla ya uamuzi huo, Bernard Ebbers wa kampuni ya WorldCom, aliyepewa miaka 25 naye pia kwa ulaghai mkubwa wa fedha, aliachiliwa na jaji mwingine wa mahakama hiyo hiyo ya New York baada ya kutumikia miaka 13, akafa nyumbani Februari 2020. Tofauti yao ipo katika swali la tatu, si katika vyeti vya daktari.

Kuhusu urefu wa kifungo, jambo lako ni zito zaidi kuliko ulivyolieleza. Miaka ile 57 inatokana na utaratibu wa zamani wa kurundika adhabu za bunduki: 7 kwa tukio la kwanza kwa sababu silaha ilionyeshwa, kisha 25 kwa la pili na 25 kwa la tatu, zote zikifuatana, hata kama matukio yote yalikuwa katika hati moja ya mashtaka na mshtakiwa hakuwahi kufungwa kabla. Bunge lilirekebisha hilo katika sheria ile ile ya 2018. Mtu akihukumiwa leo kwa matendo hayo hayo, 25 haziji isipokuwa alikwisha kutiwa hatiani kwa kosa la namna hiyo katika kesi ya awali iliyokamilika, kwa hiyo hesabu ya bunduki ingekuwa 7 mara 3, yaani 21. Lakini Bunge halikuwarudia wale waliokwisha kuhukumiwa. Mwongozo wa 2023 ulijaribu kuziba pengo hilo kwa kuruhusu hoja ya kifungo kirefu kupita kawaida kwa aliyetumikia angalau miaka 10, na hapo mahakama za rufaa zikagawanyika vibaya. Mgogoro huo ulifika Mahakama ya Juu, ambako mawakili walisikilizwa Novemba 2025, na yeyote anayetaka kuandika hoja hiyo asome kwanza msimamo wa Mahakama ya Juu. Kaka yako alihukumiwa katika jimbo gani?

Mwana wa Kisauni aliandika:

Ahsante sana, Bwana Karani. Alihukumiwa hapa hapa, katika mahakama ya shirikisho kaskazini mwa Ohio.

Karani Mstaafu alijibu:

Basi msianze na urefu wa kifungo. Mahakama ya rufaa inayosimamia Ohio, Michigan, Kentucky na Tennessee imekuwa kali kuliko nyingi katika jambo hili. Mnamo 2025 ilisema kwamba Tume ilivuka mamlaka yake ilipoandika sehemu ile ya mwongozo. Angekuwa amehukumiwa Maryland au Virginia, kabla ya kesi ile ya Mahakama ya Juu ushauri ungekuwa tofauti, kwa kuwa mahakama ya rufaa ya huko ilikubali hoja hiyo ya kurundikiwa adhabu za bunduki tangu Desemba 2020. Ndivyo ilivyokuwa: watu wawili wenye kosa moja na sheria moja, na mpaka wa jimbo ukiamua.

Hata hivyo, msiitupe ile hesabu ya 57 na 21. Ihamisheni. Katika swali la kwanza wekeni ugonjwa peke yake, figo na moyo, ukiwa na karatasi za daktari na bila mapambo. Mkifika swali la tatu, ambapo jaji anapima kama adhabu iliyokwisha kutumikiwa inatosha, hapo mwambieni kwamba mtu huyu amekaa ndani kwa muda unaofikia ule ambao Bunge lenyewe linaona leo kuwa unafaa kwa bunduki zile, na kwamba wenzake wawili wa matukio yale yale wako nje. Hata mahakama zinazoukataa urefu wa kifungo kama sababu ya kufungulia mlango hukubali kwamba jaji anaweza kuutazama akiisha kuingia ndani. Nimewaona mawakili wakipoteza maombi mazuri kwa kuiweka hoja sahihi mahali pasipo pake.

Kwa upande wa wakili, Katiba haimpi mfungwa haki ya kupewa wakili kwa ombi hili. Hata hivyo, andikeni barua kwa ofisi ya wakili wa utetezi wa umma wa shirikisho katika wilaya alikohukumiwa, kwa sababu ofisi nyingi hizo huyapitia maombi ya wagonjwa bila malipo. Pia shirika la FAMM lina mpango, linaouendesha pamoja na chama cha mawakili wa utetezi wa jinai, wa kuwaunganisha wafungwa wagonjwa na mawakili wanaojitolea.

Mwinyi wa Louisville alijibu:

Mimi niliachiliwa kwa njia hii mwanzoni mwa 2021, nikiwa nimetumikia miaka 16 kati ya 30 kwa makosa ya dawa za kulevya. Bwana Karani ameeleza ya mahakamani. Naomba niseme ya ndani ya ukuta, ambayo huharibu maombi kabla jaji hajayaona.

Ile karatasi ya kwanza kwa mkuu wa gereza ndiyo msingi wa nyumba. Kaka aandike sababu zote atakazozitumia baadaye, kwa maana baadhi ya majaji humrudisha mtu kwa kuwa aliomba kwa moyo na sasa analeta figo. Aeleze pia atakaa wapi na nani atamhudumia. Apeleke nakala mbili, na aichapishe kumbukumbu ya barua pepe kama ameitumia mashine ya humo ndani. Ombi langu la kwanza, niliambiwa kwamba halijulikani lilipo. Nililipeleka tena, nikamwomba ofisa wa kitengo chetu aandike tarehe na jina lake juu ya nakala yangu, naye akaandika huku akicheka. Karatasi ile yenye kicheko chake ndiyo iliyohesabu siku zangu 30. Jibu la mkuu wa gereza lilikuja siku ya 52, likiwa na sentensi mbili.

Rekodi za matibabu aziombe mwenyewe kwa maandishi kutoka zahanati ya gereza, tangu ugonjwa ulipoanza. Zisome ukurasa kwa ukurasa. Katika zangu palikuwa na mahali daktari ameandika kwamba nilikataa kipimo cha moyo, ilhali siku ile gereza zima lilikuwa limefungiwa vyumbani. Mwendesha mashtaka aliishika sentensi hiyo moja na kusema kwamba najidhuru mwenyewe. Bahati nilikuwa nimetunza tangazo la kufungiwa.

Na kuhusu barua za ndugu: nilipata barua 23, na zote isipokuwa tatu zilisema kwamba mimi ni mtu mwema na kwamba watoto wanalia. Jaji alitaja mbili tu katika uamuzi wake. Moja ilitoka kwa msimamizi wa jiko la gereza, aliyeeleza kwamba kwa miaka tisa nimeamka saa tisa usiku kuandaa kifungua kinywa na sijawahi kuletewa ripoti ya utovu wa nidhamu jikoni, mahali penye visu. Nyingine ilikuwa ya shemeji yangu, ambaye hakunisifu hata kidogo. Aliandika ukubwa wa chumba, jina la zahanati iliyo karibu, umbali wake kwa gari, na saa anazotoka kazini.

Nyuma ya Kaunta alijibu:

Naomba mnivumilie, kwa sababu sikuja kubishana na dada huyu. Mnamo 2009 nilikuwa mtunza fedha katika duka la kubadilisha hundi, na kijana aliniwekea bastola kifuani. Si kaka yake. Ni mwingine kabisa. Sikujeruhiwa. Kwenye karatasi ya mahakama mimi nimo katika mstari usemao kwamba hakuna aliyeumia.

Miaka miwili iliyopita ofisi ya mwendesha mashtaka iliniarifu kwamba yule kijana ameomba kupunguziwa adhabu na kwamba nina haki ya kusema neno. Nilisoma ombi lake lote. Kurasa nyingi zilikuwa za mgongo wake, kisukari chake, mama yake. Kuhusu siku ile palikuwa na maneno kwamba "alifanya maamuzi mabaya katika ujana". Nilipinga. Sikupinga kwa sababu nataka afe ndani. Nilipinga kwa sababu kwa miaka yote hiyo hakuwa amejua kwamba upande wa pili wa kioo palikuwa na mtu, na kama hakujua hilo sikuona ni kipi kilichobadilika. Angeandika mistari mitano ya kweli, nadhani ningenyamaza, na kunyamaza kwangu kungemsaidia kuliko cheti cha daktari.

Mwana wa Kisauni aliandika:

Nimeisoma barua yako mara tatu, nami ninakushukuru kwa kuiandika mahali hapa ambapo ungeweza kunyamaza. Nilikuwa nimeshamwandalia kaka rasimu, na kwa aibu nasema kwamba ndani yake yamo maneno "hakuna aliyeumia". Nimeyafuta. Nitamwambia aandike sehemu hiyo yeye mwenyewe, bila msaada wangu, na kwamba asiwaandikie waliotishwa moja kwa moja bali amwandikie jaji.

Sasa limebaki jambo la uhamiaji. Gerezani kuna kumbukumbu kwamba idara ya uhamiaji, yaani ICE, imeomba akabidhiwe kwao siku atakayotoka. Rafiki mmoja ananiambia tusilitaje kabisa, kwamba jaji akijua ataona hakuna nyumba ya kumpeleka.

Bi Salme alijibu:

Mwanangu, mimi ni mkalimani katika mahakama za uhamiaji, na ninakuomba usimsikilize rafiki huyo. Jaji analijua. Limo katika taarifa ya maisha ya mshtakiwa iliyoandikwa kabla ya hukumu, na mwendesha mashtaka atalitaja katika ukurasa wake wa kwanza. Mkinyamaza mtaonekana mnaficha, na mpango wenu wa makazi ya Columbus utaonekana wa uongo, kwa maana huyo hatafika Columbus. Kutoka lango la gereza atapokelewa na ICE.

Kwa hiyo mpango wa kweli ni wa Mombasa, nao uandikwe kwa makini ule ule ambao yule shemeji wa Bwana Mwinyi aliutumia kwa chumba chake. Mtu wa figo hawezi kukaa wiki nzima bila mashine, na jaji atauliza, tena kwa haki, kama kumtoa si kumpeleka kufa. Mjibuni kabla hajauliza. Hospitali Kuu ya Pwani ina kitengo cha kusafisha damu. Ombeni barua kutoka huko au kwa hospitali nyingine ya Mombasa ikisema kwamba watampokea, mara ngapi kwa wiki, na gharama ni kiasi gani. Elezeni nani atamsajili katika bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, na nani atalipa kabla bima haijaanza kazi. Andikeni nyumba ni ya nani, ngazi ziko ngapi, na nani atamsukuma kiti.

Kuna faida moja ambayo wengi hawaioni. Kurudishwa kwake Kenya kunalijibu kwa sehemu lile swali la pili la Bwana Karani, kwa kuwa mtu asiyekuwepo Marekani, mgonjwa, mwenye miaka 58, si rahisi kumwita hatari kwa watu wa Ohio. Si majaji wote wanaoipa hoja hiyo uzito, lakini isemwe.

Kisha jambo la karatasi. Kesi ya kuondolewa nchini inaweza kusikilizwa wakati mfungwa bado yumo gerezani. Kama tayari ana amri ya mwisho ya kuondolewa, muulize nakala yake iko wapi. Kama hana, zungumzeni na wakili wa uhamiaji kabla ya kuchukua hatua yoyote, kwa sababu bila amri hiyo anaweza kutolewa gerezani na kukaa miezi katika kizuizi cha uhamiaji, mahali ambapo matibabu ya figo yanaweza kuwa ya shida zaidi kuliko hapo alipo. Vilevile pasipoti yake bila shaka imekwisha muda tangu zamani. Ubalozi wa Kenya ulioko Washington ndio utakaotoa hati ya kusafiria, na kuwaandikia mapema si kosa.

Karani Mstaafu aliandika:

Sina la kuongeza kwa Bi Salme isipokuwa mambo mawili ya muda. Ombi likikataliwa, muda wa kukata rufaa ni siku 14 tu tangu uamuzi uandikwe, si miezi; watu wa ndani hupokea barua wakiwa wamechelewa, kwa hiyo dada, jifunze kuangalia kumbukumbu ya kesi mwenyewe kupitia mtandao wa mahakama. Pili, kukataliwa mara moja hakufungi mlango. Sheria haikuweka idadi ya maombi, na hali ya mgonjwa wa figo aliyekataliwa Machi inaweza kuwa nyingine kabisa ifikapo Oktoba. Lakini ombi la pili lianze tena kwa mkuu wa gereza, lisije likarudishwa kwa kosa la utaratibu.

Mwana wa Kisauni aliandika:

Kaka amepiga simu leo asubuhi. Ombi amelikabidhi juzi, akiwa ametaja figo, moyo na mpango wa Mombasa, na muuguzi aliyelipokea ameandika tarehe juu ya nakala. Binamu yetu atakwenda Hospitali Kuu ya Pwani wiki ijayo kuomba barua ile. Ofisi ya wakili wa umma imejibu kwamba italipitia faili.

Barua ya mama imefika kwa njia ya simu, kurasa mbili za mwandiko wake. Imeandikwa kwa Kiswahili, na mahali pengi anamlaumu kaka kuliko hata mwendesha mashtaka alivyomlaumu. Anasema kwamba alimtuma Marekani kusoma, na kwamba aliwahi kuwaombea dua wale watu wa dukani asiowajua. Je, niipunguze kidogo kabla ya kuitafsiri?

Bi Salme alijibu:

Usipunguze neno. Mahakama itahitaji tafsiri ya Kiingereza pamoja na tamko la mtafsiri, lililotiwa saini, kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, na wewe kama ndugu usiwe ndiye mtafsiri. Nitumie kurasa zote mbili katika ujumbe wa faragha. Nitaifanya usiku wa leo, na nakala ya mwandiko wake iambatanishwe nyuma.